Kundi lililotangaza kuacha vita mwaka 2013 limefikaje kutawala Goma na Bukavu?

MvuviUjiji ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Naishi Kigoma, na habari za Kivu hutufikia kwa njia mbili: redio, na watu wanaovuka ziwa wakiwa na vifurushi kichwani. Jirani yangu sokoni ni mama wa Kikongo anayeuza mawese. Tarehe 27 Januari 2025, redio iliposema kwamba waasi wa M23 wameingia Goma, aliliweka chini kopo lake la kupimia, akakaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Hawa si ndio wale waliosema wameacha?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo silipati.

Nakumbuka vizuri mwaka 2013. Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2098, ikaundwa brigedi maalumu ya wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania mwenzetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Wapo vijana wetu waliorudi kutoka huko ndani ya majeneza. Tarehe 5 Novemba mwaka ule M23 walitangaza kuwa uasi umekwisha, nasi tukaamini kwamba damu ile haikumwagika bure. Leo kundi lenye jina lilelile lina magavana, linakusanya kodi, na wajumbe wake wanakaa meza moja na serikali ya Kinshasa huko Doha.

Naomba mnielezee kwa utaratibu. Kundi lililoshindwa vitani linageukaje kuwa mamlaka ya kisiasa? Ni bunduki peke yake, au kuna jambo jingine ambalo sisi wa upande huu wa ziwa hatulioni? Naomba pia tujiepushe na matusi ya kikabila, kwa sababu nimeona mijadala ya aina hii ikiharibika kabla haijafika popote.

---

MwalimuWaRutshuru amejibu:

Ndugu wa Ujiji, nimefundisha historia Kivu ya Kaskazini kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitajaribu kulijibu swali la jirani yako kwa kuanzia kwenye jina lenyewe. Wapiganaji walioasi mwaka 2012 hawakujiita kwa jina la mlima, la kabila wala la kiongozi wao. Walijiita kwa tarehe ya mkataba: tarehe 23 Machi 2009, siku ambayo kundi lililowatangulia, CNDP, lilitia saini na serikali hapa Goma. Madai yao yalikuwa kwamba mkataba ule haukutekelezwa. Mtu anayetaka kulielewa kundi hili aanze na mikataba, kwa maana kila uasi wa ukoo huu umezaliwa kutokana na makubaliano yaliyomaliza uasi uliotangulia.

Ukoo wenyewe ni huu. Agosti 1998 ilizaliwa RCD, kundi la waasi, makao yake yakiwa Goma, ikiungwa mkono na Rwanda, na kwa miaka kadhaa ilitawala sehemu kubwa ya mashariki ya nchi. Desemba 2002 yalifikiwa makubaliano ya Pretoria, na mwaka uliofuata kiongozi wake, Azarias Ruberwa, akawa mmoja wa makamu wanne wa rais katika serikali ya mpito, huku maofisa wake wakipewa nafasi katika jeshi jipya la taifa. Jenerali Laurent Nkunda alikataa nafasi yake. Juni 2004 aliingia Bukavu pamoja na Kanali Jules Mutebusi, mwaka 2006 akaanzisha CNDP, na Oktoba 2008 wapiganaji wake walikuwa mlangoni mwa Goma. Januari 2009 Rwanda, iliyodhaniwa kuwa mlezi wake, ikamkamata. Bosco Ntaganda akachukua nafasi yake, ukatiwa saini ule mkataba wa 23 Machi, CNDP ikawa chama cha siasa na wapiganaji wake wakavaa sare za jeshi la Kongo.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Wapiganaji wale waliingia jeshini wakiwa bado mwili mmoja. Walibaki Kivu, walibaki chini ya makamanda walewale, na vituo vyao vya kodi kwenye njia za madini havikuvunjwa. Kinshasa ilikuwa imenunua utulivu kwa vyeo. Mwaka 2012 serikali ilipotaka kuwahamishia mikoa mingine, na shinikizo la kumpeleka Ntaganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai lilipozidi, waliasi mwezi Aprili. Mnyororo wa amri ulikuwa haujawahi kukatika, ndiyo maana tarehe 20 Novemba mwaka uleule waliweza kuingia Goma chini ya Kanali Sultani Makenga. Waliondoka baada ya siku kumi na moja kwa shinikizo la nchi za ukanda huu.

Ntaganda baadaye alijisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, na mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Lakini mtu mmoja kufungwa si sawa na tatizo kutatuliwa.

Tatizo lenyewe lina mizizi mirefu kuliko M23. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji waliwahamisha maelfu ya Wanyarwanda na kuwaleta Masisi ili wapate nguvu kazi ya mashamba yao. Wengine, hasa huku kwetu Rutshuru, walikuwapo kabla hata mipaka haijachorwa. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia waliokuwapo kabla ya mwaka 1960, na sheria ya mwaka 1981 ikaunyang'anya tena kwa kutaka mtu athibitishe kwamba mababu zake walikuwa ndani ya Kongo mwaka 1885. Fikirini mzee wa Masisi ambaye mwaka 1975 alikuwa raia na mwaka 1982 si raia, na yuko juu ya shamba lilelile! Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi yote. Mwaka uliofuata wakimbizi zaidi ya milioni moja walivuka kutoka Rwanda, na miongoni mwao walikuwamo walioyatekeleza mauaji ya kimbari, ambao masalia yao ndiyo yaliyozaa kundi la waasi la FDLR. Watutsi wa Kongo nao wakakimbilia upande wa pili. Kambi ya Kiziba nchini Rwanda ilifunguliwa mwaka 1996, na wapo waliozaliwa mle ambao sasa wana watoto wao wenyewe mlemle.

M23 wanasema wanapigania haki ya watu hao kurudi nyumbani. Dai hilo ni la kweli kama dai, na ndiyo sababu halifi. Ila tusichanganye dai na anayelishika. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2006 Ruberwa, ambaye chama chake kilikuwa kimetawala theluthi ya nchi kwa silaha, alipata asilimia 1.7 ya kura. Nilikuwa msimamizi katika kituo kimoja cha kupigia kura, na tulipokuwa tukihesabu kwa taa ya chemli nililiona rundo lake: lilikuwa karatasi chache tu, katika mtaa ambao miaka mitatu nyuma kila ofisi ilikuwa na picha ya viongozi wa RCD. Tangu siku ile nadhani maofisa wale walijifunza kwamba kwenye sanduku la kura wana uzito wa unyoya, na mezani penye bunduki wana uzito wa jiwe.

Baada ya 2013 kosa lilirudiwa. Maazimio yalitiwa saini Nairobi tarehe 12 Desemba 2013, yakaahidi msamaha kwa wasiokuwa na makosa makubwa na kurejea kwa wapiganaji waliokuwa Uganda na Rwanda, na utekelezaji ukasuasua. Mapema 2017 Makenga na baadhi ya watu wake walikuwa wamekwisha kurudi kimyakimya kwenye miteremko ya volkano, karibu na mpaka. Novemba 2021 wakashambulia Chanzu na Runyonyi, na tarehe 13 Juni 2022 wakaichukua Bunagana. Mji ule haukurudi tena mikononi mwa serikali.

---

MtazamajiWaNairobi amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwa makini na nimejifunza, lakini naona umeeleza habari za kuni bila kumtaja anayepuliza moto. Manung'uniko ya uraia yapo katika nchi nyingi za Afrika, na wenye manung'uniko hayo hawana mifumo ya kudungua ndege wala makombora yanayoongozwa. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2024 kwamba wanajeshi wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo wakipigana pamoja na M23. Azimio namba 2773 la tarehe 21 Februari 2025, lililopitishwa kwa kauli moja, liliitaka Rwanda kwa jina lake iache kuliunga mkono kundi hilo na iondoe majeshi yake. Rwanda yenyewe hukanusha, na husema kwamba inachukua hatua za kujihami dhidi ya FDLR.

Tulinganishe pia mwisho wa vita ile ya kwanza na vita hii. Mwaka 2012 na 2013 wafadhili kadhaa walisimamisha misaada kwa Rwanda, na ndani ya mwaka mmoja M23 wakaporomoka. Safari hii vikwazo vya Marekani dhidi ya Jenerali James Kabarebe wa Rwanda vilikuja tarehe 20 Februari 2025, na vya Umoja wa Ulaya vikafuata Machi, wakati Goma na Bukavu zimekwisha kuchukuliwa. Kwangu mimi jibu la swali la ndugu wa Ujiji linaanzia hapo.

Jambo la pili ni sura ya kisiasa. Tarehe 15 Desemba 2023, hapa Nairobi, ulizinduliwa muungano wa AFC, ambao M23 wamo ndani yake, na aliyeuongoza ni Corneille Nangaa, mtu yuleyule aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kongo na ambaye Januari 2019 alimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi. Nangaa anatoka kaskazini mashariki, si Mtutsi, na hana historia ya CNDP. Kwa kumweka mbele, kundi lililokuwa likisema "tunataka watu wetu warudi" likaanza kusema "tunataka kubadilisha utawala wa Kinshasa". Waasi wa 2012 walidai utekelezaji wa mkataba. Hawa wa sasa wanazungumzia nchi nzima.

---

MamaWaMajengo amejibu:

Nawasalimu nyote, nikiandika kutoka Goma. Mmezungumza habari za mikataba na za majirani, nami nitazungumzia habari za mtaa, kwa sababu mamlaka mtu huiona kwanza pale anapolipa.

Siku kumi hivi baada ya mji kuanguka, wakazi tuliitwa uwanja wa mpira, na gavana mpya, Joseph Bahati Musanga, akaonyeshwa kwa umma. Baadaye wakateuliwa viongozi wa ngazi za chini. Jumamosi asubuhi kukawa na salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, na duka halifunguliwi mpaka iishe. Kodi zilianza kudaiwa mapema sana, kabla hata ya maji kurudi vizuri katika baadhi ya mitaa. Sisemi kwamba kila kitu ni kibaya, kwa kuwa wapo majirani zangu wanaosema kuwa vizuizi vya barabarani vya watu wenye silaha wa kila aina vimepungua, na mfanyabiashara anayekwenda Rutshuru analipa mahali pachache kuliko zamani. Wapo pia waliopoteza watu wao, na wapo wasiothubutu kusema lolote hata wakiwa jikoni kwao.

Lakini kuna jambo moja ambalo limenifundisha tofauti kati ya kutawala na kuwa dola. Benki zilifungwa. Aprili 2025 watawala wapya walifungua mfuko wa akiba wa CADECO, ila mzunguko wa fedha haukurudi ulivyokuwa. Mshahara wa mwalimu au muuguzi unapoingia, kama unaingia, anautoa kwa wakala wa simu ambaye hukata sehemu yake, au anavuka mpaka wa Petite Barrière akautoe Gisenyi. Kwa kuwa noti mpya haziji, tunazungusha zilezile. Hapa kwetu dola yenye mpasuko hata wa ncha ya sindano haipokelewi. Kila siku dukani kwangu nainyanyua noti mbele ya mwanga wa mlango, nautafuta mpasuko, na mteja ananitazama kwa hofu kana kwamba namkagua yeye. Juzi mama mmoja alikuja na dola tano za kununua maharage. Zilikuwa zimegundishwa kwa gundi ya viatu. Nilizipokea, na mpaka leo sijapata wa kuzichukua. Uwanja wa ndege nao ulifungwa tangu vita ya Januari, kwa hiyo mji wa watu zaidi ya milioni moja unapumulia barabara, ziwa na mpaka wa Rwanda.

Kuhusu pesa zao wenyewe, msisahau Rubaya. Waliichukua mwishoni mwa Aprili 2024, na Rubaya ni moja ya machimbo makubwa ya koltani duniani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi lilikuwa likipata pale angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi za uzalishaji na biashara. Mkitaka kujua jinsi bunduki inavyogeuka kuwa ofisi, jibu moja ni hilo: kuna kijana anayetoka shimoni na gunia mgongoni, kuna mtu mwenye mizani na daftari, na kuna risiti yenye mhuri. Risiti ile ndiyo inayolipa mshahara wa karani wa manispaa.

---

MwalimuWaRutshuru amejibu:

Marahaba, ndugu wa Nairobi. Nakubali sehemu kubwa ya hoja yako, wala sikutaka kumficha apulizaye moto. Bila Rwanda, M23 wasingeishinda nguvu iliyokuwa imekusanywa dhidi yao. Hata hivyo, tazama mwaka 2009: Rwanda yenyewe ilimkamata Nkunda, na miaka mitatu baadaye uasi ukarudi ukiwa na sura nyingine. Tazama pia 2013: mpulizaji aliondoka, moto ukazimika, na Kinshasa ikawa na miaka minane ya kuziondoa kuni. Haikuziondoa. Jeshi lilibaki na makamanda wanaokula mishahara ya askari wao, Mei 2021 mkoa ukawekwa chini ya hali ya dharura inayotawaliwa na wanajeshi, na M23 waliporejea, serikali ikaegemea makundi ya Wazalendo, wanamgambo wa kienyeji, pamoja na watu wa FDLR, jambo lililompa jirani kisingizio alichokuwa akikihitaji.

Tena majeshi ya nje yalikuja na kuondoka. Kikosi cha Afrika Mashariki kiliambiwa kiondoke mwishoni mwa 2023 kwa sababu Kinshasa ilitaka kipigane nacho hakikuwa tayari. Kikosi cha SADC, ambamo Watanzania walikuwamo tena, kilikuwa kidogo, na Machi 2025 viongozi wakaamua kukiondoa. Ndugu wa Ujiji, ushindi wa vijana wenu wa 2013 ulikuwa wa kweli. Uliwapa wanasiasa nafasi, na wanasiasa hawakuitumia.

Mama wa Majengo, hayo ya dola za gundi nimeyasoma mara mbili.

---

MvuviUjiji amejibu:

Nawashukuru sana. Nimemsomea jirani yangu majibu yote jioni hii, polepole, naye alinisimamisha kwenye habari za kituo cha kura cha 2006 akataka nirudie. Kwao ni Uvira. Desemba 2025, siku chache tu baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia saini makubaliano ya amani Washington, M23 waliingia mji huo, kisha wakatangaza kuondoka. Dada yake alivukia Burundi na watoto watatu, na bado hajarudi.

Ana swali moja ambalo amenituma niliulize, nami naliandika kama alivyolisema: je, mtu aliyeandikishiwa kiwanja au mtoto na ofisi ya hao watawala wapya, siku Kinshasa itakaporudi, karatasi yake itakuwa karatasi au itakuwa kosa?

---

MamaWaMajengo amejibu:

Mwambie dada yetu kwamba hapa kila mtu ana swali hilo. Jirani yangu amejifungua Machi, na cheti cha mtoto amekikunja ndani ya kitabu cha nyimbo, hajui amwonyeshe nani.

---

MwalimuWaRutshuru amejibu:

Mpango mpana uliotiwa saini Doha tarehe 15 Novemba 2025 una itifaki nane. Miongoni mwake iko inayohusu kurejesha mamlaka ya dola, na iko inayohusu utambulisho, uraia na kurudi kwa wakimbizi. Siku ile mbili tu ndizo zilizokuwa zimekwisha kukubaliwa, ile ya kubadilishana wafungwa na ile ya kusimamia usitishaji vita. Karatasi ya jirani yako, Mama, iko ndani ya zile nyingine. Hilo ndilo swali la mwaka 1981 limerudi likiwa na mhuri mpya, na safari hii linawahusu Wahutu, Wanande, Wahunde, Watutsi na Washi kwa pamoja.

Kwa sasa nawashauri watu wangu hivi. Usikubali kuisalimisha hati ya zamani unapopewa mpya. Kiwanja kikiuzwa, waandike mashahidi wanne wa mtaa, kila mmoja kwa mkono wake, na nakala ibaki kanisani au msikitini. Mtoto akizaliwa, hifadhini kadi ya kliniki yenye jina la mkunga na saa ya kuzaliwa.

Mimi nimezifunga zangu ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kitambulisho cha baba yangu cha mwaka 1974.